Nahodha mwenye dadu: miezi minane ya kupima ujuzi katika D&D, Lamu

Kila Jumamosi baada ya isha tunapanda darini kwetu, hapa Langoni, watu watano, tunatandika mkeka na kucheza mchezo wa kusimulia hadithi, kila mtu na mhusika wake, uitwao Dungeons & Dragons. Huu ni mwezi wa nane. Kanuni tunazotumia ni za toleo la tano, lililotoka 2014, ambazo sehemu yake ya msingi iliachiwa watu wote bure Januari 2023. Ni faili moja la kurasa 400 na ushei, linakaa kwenye simu bila taabu, na pesa tuliyotoa ni ya dadu peke yake. Mchezo wenyewe ni wa zamani: Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani 1974. Sitaeleza kila kitu. Nataka kusema juu ya ujuzi tu, maana hapo ndipo nilipoudhika, na hapo ndipo nilipokuja kuupenda.

Kwa asiyeujua: mhusika wako akitaka kufanya jambo linaloweza kumshinda, unarusha dadu ya pande 20, unaongeza alama zake, na jumla ikifika kiwango alichoweka msimamizi, yule anayeongoza hadithi, umefaulu. Kiwango 10 ni jambo jepesi, 15 la wastani, 20 gumu, 30 karibu na muhali. Mhusika wangu alikuwa nahodha. Busara yake 16 ilimpa nyongeza ya 3, na kufunzwa vyombo vya majini kukampa 2. Jumla 5.

Usiku wa kwanza msimamizi wetu, binamu yangu, alitupeleka kwenye mlango mwembamba wa maji wenye mikoko huku na huku. Alikuwa ameupa jina la kubuni, lakini sote tulijua ni Mkanda, ile njia ya kuendea Pate. Maji yamejaa, mchana kweupe, upepo wa kiasi. Akataja kiwango 10. Nikarusha, ikaja 3. Jumla nane, chombo kikapanda fungu.

Ami yangu alikuwa amekaa pembeni na kahawa yake. Amepeleka watu na mizigo Pate tangu mimi sijazaliwa. Akauliza, "Huyo ni nahodha, au ni abiria alopewa usukani?" Nikamfanyia hesabu: dadu ikileta 1 hadi 4 nimeshindwa, yaani mara nne katika ishirini. Akaweka kikombe chini. "Mara moya katika tano? Kwa maji ya kujaa?" Hakuwa akitudhihaki, alitaka kuelewa. Nami nilikosa la kumjibu, maana nahodha anayepanda fungu mara moja katika kila safari tano hana abiria kufikia mwisho wa mwezi.

Kisha akatueleza, na maelezo yake yamenifaa kuliko ukurasa wowote wa faili lile. Nahodha hashindwi ndani ya Mkanda, alisema. Anashindwa Lamu, kabla hajang'oa nanga: amekubali kungojea mzigo wa mtu, amekosea hesabu ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, ameona haya kumwambia tajiri kwamba chombo kimejaa. Akishaingia na maji yake, macho yanasoma rangi ya maji na mkono unafuata. Na akichelewa hazami. Anapwelewa. Maji huchukua kama saa sita kupwa na kama sita nyingine kujaa, basi atakaa pale juani, abiria wakinung'unika, mpaka bahari irudi.

Hapo ndipo nilipoona kasoro. Dadu ya pande 20 haina mteremko. 1 ina nafasi sawa na 10, na 10 sawa na 20. Kwa hiyo bahati inapiga kelele kuliko ujuzi. Washindanishe nahodha wangu mwenye nyongeza ya 5 na mtu asiye na chochote, kila mmoja arushe dadu yake. Yule asiyejua kitu atamshinda nahodha mara 105 katika 400, zaidi ya robo. Aliyewahi kusimama ufukweni siku ya mashindano ya mashua anajua kwamba haiendi hivyo. Mashua iliyoshikwa na mtu mgeni haishindi hata robo ya robo.

Mimi mwenyewe ni mchonga milango, na zana za mchonga mbao zimo kwenye faili, kwa hiyo nalisema hili kwa uchungu. Rafiki yetu mmoja alimcheza fundi, akarusha 2, akaambiwa ubao umepasuka. Ubao wa mbambakofi haupasuki hivyo mkononi mwa fundi. Patasi ikigonga kifundo unaihisi kwenye kiganja kabla hujaiona. Unasimama, unageuza ubao, unaanza kuchonga kutoka upande wa pili. Siku yako ikiwa mbaya, ua moja linatoka na kina kidogo kuliko jirani yake, au kazi ya asubuhi inakula mpaka alasiri. Kushindwa kwa fundi ni saa na mbao, si kuvunjika kwa mlango.

Nilirudi kwenye faili nikiwa nimeshaamua kulilaumu. Nikakuta sehemu kubwa ya lawama ni yetu. Kanuni zinasema wazi kwamba dadu ni ya jambo lenye shaka. Zinasema pia kwamba kushindwa kunaweza kumaanisha umesonga mbele lakini kwa hasara, na aina ya hasara anaipanga msimamizi. Kwa kazi inayorudiwa-rudiwa kuna njia isiyohitaji dadu kabisa: unachukua 10, unaongeza nyongeza zako, basi. Nahodha wangu ana 15 kila siku ya Mungu, na Mkanda wa kiwango 10 anaupita akipiga soga. Tulikuwa tumeziruka kurasa hizo kwa hamu ya kurusha.

Lakini si lawama zote ni zetu. Uwezo wa kuhesabu kila dadu iliyo chini ya 10 kuwa 10, jambo ambalo kila fundi mzoefu analo, kanuni hizi zimempa mhusika wa aina ya mwizi peke yake, tena akifika ngazi ya 11. Nahodha, mhunzi na mganga hawaupati. Hilo nimelitafutia sababu nimekosa.

Cha kusifu kwa moyo mweupe ni kipimo cha kundi. Wote wanarusha, na nusu wakifaulu kundi limefaulu. Ndivyo chombo kinavyokwenda hasa: wanaojua wanawabeba wasiojua, mmoja akichelewa kuvuta kamba mwenzake anaiwahi.

Tulijaribu pia Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa aina hii, wa 1981, kwa mwezi mmoja. Huko ujuzi umeandikwa kwa asilimia: una 60, unafaulu ukipata 60 au chini. Ami aliuelewa papo hapo bila kufundishwa. Nilichokipenda zaidi ni jinsi unavyokua. Ujuzi uliofaulu kuutumia unautia alama, halafu baadaye unarusha tena, na lazima uzidi kiwango ulicho nacho ndipo upande. Kadiri unavyojua ndivyo inavyokuwa vigumu kuongeza. Mwaka wangu wa kwanza wa kuchonga ulinifundisha mengi kuliko minne iliyofuata, kwa hiyo huo mchezo naona ulichungulia karakana.

Hata hivyo tumerudi D&D, na badiliko moja. Kwa kazi za ujuzi tunarusha dadu tatu za pande sita, kama wafanyavyo wachezaji wa GURPS, nao ni mchezo wa aina hii, ingawa sisi bado tunaongeza na kutafuta kiwango. Wastani ni ule ule, 10 na nusu, kwa hiyo viwango havikuguswa. Nahodha wangu sasa anashindwa kiwango 10 mara 4 tu katika 216. Kiwango 20, alichokuwa akikifikia mara tatu katika kumi, sasa hakifiki hata mara moja katika kumi. Tumepoteza ule mshtuko wa 20 kutokea ghafla, na wawili kati yetu bado wanaulilia. Kwa vita tumeiacha dadu ya zamani.

Jumamosi iliyopita tulirudi kwenye mlango ule wa maji. Msimamizi hakuniuliza dadu ya kuingia. Aliniuliza tumeondoka saa ngapi, na dadu ikarushwa pale, kwenye kumharakisha mfanyabiashara na magunia yake. Nikapata 7, na nyongeza ya maneno sina. Tukachelewa, tukapwelewa katikati. Nikasema basi naweka magadi, ile miti ya kukiegemeza chombo kisilale, nikachukua dadu zangu tatu.

"Magadi hayarushiwi dadu," akasema ami. "Yamo chomboni au hayamo?"

Tukaangalia karatasi yangu. Kamba zilikuwemo, taa, mapipa mawili ya maji. Magadi hayakuwemo. Chombo kikalala ubavu, na magunia manne ya unga yakalowa.