Subaru Impreza WRX STI ya 2005: gari zuri sana, ila si la kijana aliyepata leseni juzi

Nianze na jibu, maana najua wazazi wengi mnaosoma hapa mna kijana nyumbani anayewaonyesha picha za Subaru kila jioni. Impreza WRX STI, lile toleo la kasi la Subaru Impreza, ni miongoni mwa magari bora niliyowahi kuyashika usukani, na simshauri mzazi yeyote amnunulie kijana anayeanza kuendesha. Nitaeleza kwa nini, na nitasema cha kununua badala yake.

Mimi ni mwalimu wa udereva hapa Dar es Salaam. Wanafunzi wangu wengi ni vijana wanaotafuta leseni daraja D: wanakuja na lena (leseni ya kujifunzia), tunahangaika nao na klachi, wanafanya mtihani wa trafiki, basi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mmoja wao. Ana miaka 21, leseni kaipata mwaka huu, na baba yake alimwahidi gari akimaliza chuo. Kijana hakuzunguka: "Mamdogo, mimi nataka STI." Shemeji akanipigia simu, akaniomba nikaliendeshe hilo gari mwenyewe kisha nimwambie ukweli bila kumficha. Muuzaji, baba mmoja mstaarabu wa Mbezi Beach, alikubali tuzunguke nalo Jumamosi na Jumapili, yeye akiwa kiti cha pembeni na kijana wetu nyuma.

Gari ni la bluu, injini lita 2.0 yenye tabo (kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada ili itoe nguvu zaidi), gia sita za mkono, nguvu inakwenda magurudumu yote manne. Kwa karatasi za Japani lina nguvu farasi 280. Namba hiyo mtaikuta kwenye magari mengi ya Kijapani ya zama zile, kwa sababu watengenezaji walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Toyota IST ya 1.3 ninayofundishia ina farasi 87. Kwa hiyo tunazungumzia nguvu ya IST tatu na zaidi, chini ya mguu mmoja.

Jumapili asubuhi na mapema tulitoka Mwenge kwenda Tegeta, barabara ikiwa bado nyeupe. Ukikaa kwenye kiti unakumbatiwa mbavuni. Mbele yako saa kubwa ya katikati si ya mwendo, ni ya mizunguko ya injini. Ya mwendo imewekwa pembeni. Klachi ni nzito kuliko ya magari tuliyozoea, na gia zinaingia kwa mkato, huna haja ya kutafuta. Chini ya mizunguko elfu tatu gari ni pole kabisa, unaweza kudhani umepanda Impreza ya kawaida ya kwenda kazini. Ukipita hapo tabo inajaa, na nguvu haiji kidogo kidogo. Inakuja yote. Shingo inarudi nyuma, na kabla hujamaliza kushangaa inabidi uwe umeshabadili gia.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Gia ya kwanza peke yake, ukiivuta mpaka mwisho, inapita kilomita 60 kwa saa. Ya pili inafika kwenye 100. Mwendo wa sheria kwenye makazi ya watu ni 50. Maana yake kijana anaweza kuwa ameshavunja sheria akiwa gia ya kwanza, na bado ana gia tano hajazigusa.

Wengi hudhani hatari ya gari kama hili ni kwamba halishikiki. Ni kinyume chake. Linashikika mno. IST ikifika 80 inakwambia: upepo unapiga kelele milangoni, bodi inalala kwenye kona, tairi zinalia, usukani unatetemeka kidogo. Mwanafunzi anapata woga, anaachia mafuta, na woga ule ndio somo lenyewe. Hivyo ndivyo mwili unavyojifunza mwendo, kwa sababu macho peke yake hayajui. STI kwa 80 imetulia kama maji ya mtungini. Bodi hailali, tairi hazilii, magurudumu yote manne yanavuta. Mimi ambaye hii ndiyo kazi yangu ya kila siku nilidhani niko kwenye 60, nikaitazama saa ile ya pembeni, mshale uko juu ya 80. Gari hili linakuja kukuonya ukiwa umeshafika kwenye mwendo ambao hakuna nafasi ya kurekebisha.

Na mwendo una hesabu yake. Kwa 50 unasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 100 ni karibu mita 28. Dereva aliyezoea anahitaji kama sekunde moja kuona, kuamua na kuhamisha mguu kwenye breki; anayeanza mara nyingi anahitaji zaidi, maana bado anafikiria mguu uko wapi. Kisha breki zenyewe: ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki zishike unakuwa mara nne, si mara mbili. Hili huwa nawachorea wanafunzi ubaoni, na kila mara kuna anayebisha.

Karibu na Afrikana daladala ilichomoka upande wa kushoto kuingia kituoni, na bodaboda aliyekuwa nyuma yake akaikwepa kwa kuja njia yetu bila kutazama. Nikakanyaga breki. Breki za STI ni za Brembo, kampuni inayosifika kwa breki za magari ya kasi, na sijawahi kukanyaga breki inayouma namna ile. Gari lilisimama palepale, limenyooka, na nafasi ikabaki. Mpwa wangu akafurahi: "Umeona Mamdogo? Linasimama!" Nikamwambia atazame nyuma. Noah iliyokuwa inatufuata ilikuwa imesimama pua yake ikiwa mgongoni kwetu, dereva wake ametoa macho. Yeye hana Brembo. Ukiwa na breki za namna hii lazima uendeshe huku macho yako yakirudi kwenye kioo kila mara, na tabia hiyo kwa dereva mpya huwa ndiyo ya mwisho kuja.

Jumamosi jioni kulikuwa na mvua, na hapo nikapata kuona jambo jingine. Kutoka makutano yenye maji, STI inaondoka bila kuteleza hata kidogo. Kijana anaweza kuamini lami imekauka. Lakini magurudumu manne yenye nguvu yanasaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Wakati wa kusimama kila gari lina tairi nne tu, iwe STI au Vitz. Na gari hili la 2005 halina ule mfumo wa kompyuta unaolirudisha gari likianza kuserereka kwenye kona. STI walianza kuuweka kizazi kilichofuata, cha 2007. Ukikosea kwenye kona yenye maji na mchanga, uko peke yako.

Nikainama kutazama tairi. Saizi ni 235/45 rimu 17. Mbele zilikuwa nzima, nyuma za kampuni mbili tofauti na moja imelika upande wa ndani. Kwenye gari la magurudumu manne hilo si suala la sura: tairi zenye mzunguko usiolingana zinaichosha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na difu hiyo si kitu cha kuokota kwenye maduka ya spea ya Gerezani mchana mmoja. Muuzaji alikuwa muungwana, alikiri kwamba alinunua alizozipata.

Gharama sitazikalia sana. Tangi ni la lita 60, na kwenye foleni ya Mwenge mshale unashuka unauona. Injini hii ilipangwa kwa petroli ya hali ya juu ya Japani. Tabo inataka oili safi na kwa wakati, ikichelewa hiyo ndiyo inayokufa kwanza. Plagi ziko ubavuni kwa sababu silinda za injini zimelala badala ya kusimama, fundi inabidi atoe vitu kadhaa kwanza ndipo azifikie. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kwenye kilomita 100,000, na gari la mtumba huwezi kuapa kwamba kilomita zake ni za kweli. Bampa ya mbele iko chini, matuta ya mitaani yataipata. Na bima: vijana wengi hukata ile ndogo, ambayo inamlipa uliyemgonga, gari lako ukilikunja ni hasara yako.

Kuna hoja moja ya mpwa wangu niliyoiheshimu. Alisema hili ni gari la mabingwa, na ni kweli: Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa rali na Impreza mwaka 1995, Richard Burns 2001, Petter Solberg 2003. Ila wale walikuwa na msomaji wa njia pembeni anayewaambia kona inayokuja kabla hawajaiona, walikuwa ndani ya fremu ya chuma, mikanda imewabana mabegani na kiunoni, na barabara imefungwa. Bagamoyo Road haijafungwa. Kuna mama anavuka na beseni la samaki kichwani, kuna watoto wa shule kwenye pundamilia, na hakuna atakayekusomea njia.

Halafu kuna watu. Hili hamtalikuta kwenye karatasi za gari. Kwenye taa za Mwenge, kijana mwenye Mark X alisimama kando yetu, akatazama ule mdomo wa hewa juu ya boneti, akaanza kukanyaga mafuta gari likiwa limesimama, vruum, vruum. Mimi nina miaka 46 na nimefunga kilemba, na bado alitaka tushindane. Nyuma yangu mpwa wangu akasogea mbele mpaka pumzi yake ikafika shingoni kwangu, akaninong'oneza: "Mamdogo, mwonyeshe." Huyu ni mtoto mpole, anaswali, hanywi, nyumbani hapandishi sauti. Taa zilipowaka kijani nikamwacha Mark X aende. Lakini nilikuwa nimeshapata jibu la kumpa baba yake, kwa sababu mwakani asingekuwa amekaa nyuma. Angekuwa kwenye usukani, na nyuma kuna rafiki zake watatu wanaomnong'oneza hivyohivyo. Gari hili linaalikwa kwenye mashindano kila taa, na kukataa kila siku kunahitaji mtu mwenye umri au mwenye makovu.

Nasema tena, si gari baya. Kwa mtu mwenye miaka kadhaa barabarani, mwenye fundi anayeijua Subaru na mfuko wa tairi nzuri, gari hili ningeliwekea alama tisa kwa kumi bila kusita. Usukani wake unazungumza, kila jiwe unalihisi mkononi, na kwenye kona linafuata unapotazama. Kwa dereva mpya naliwekea mbili, zote za breki.

Shemeji nimemwambia hivi. Kijana anapenda Subaru, asinyimwe Subaru. Kuna Impreza ya umbo lilelile yenye injini ya 1.5 isiyo na tabo, nguvu farasi kama 100. Kukaa ni kulekule, injini imelala vilevile, mafundi ni walewale. Kwenye kona inamfundisha, kwa sababu akikosea inamwambia mapema. Inunuliwe ya gia za mkono. Pesa itakayobaki iende kwenye bima kubwa na tairi nne mpya za aina moja. Baada ya miaka mitatu ya kuendesha bila ajali na bila kushikwa na tochi ya trafiki ya kupima mwendo, nitakwenda naye mimi mwenyewe kutafuta STI, na nitakaa kiti cha pembeni.

Mpwa wangu hakufurahi, na sikumtaka ajifanye amefurahi. Alikaa kimya mpaka tukafika kwao Makongo, ndipo akauliza kama ile ya 1.5 inaweza kufungwa rimu za STI. Nikamwambia asikimbilie dukani: STI za kuanzia toleo la 2005 zina matundu ya boliti yenye nafasi tofauti na ya Impreza za kawaida, haziingii hivihivi. Akacheka kidogo, akatoa simu, akaanza kutafuta za miaka ya nyuma.

Jumamosi tunakwenda Kinondoni kwenye yadi, kuna moja ya 2006 nyeupe. Nimeshamwambia fundi aje na jeki ya kuinulia, na muuzaji nimemsihi asiiwashe kabla hatujafika, maana nataka kuisikia ikiwa ya baridi.