Draya haikaushi nguo? Tazama hii kabla hujamwita fundi

Assalaam alaykum watazamaji wangu, karibuni tena, leo niko nyumbani hapa Tudor, Mombasa, na kama mwasikia huko nje mvua haijakatika tangu alfajiri, ndo masika yenyewe, darini hakuanikiki. Sasa jana usiku nimetia taulo nne na yunifomu za watoto kwenye hii draya, imezunguka masaa matatu mazima, nafungua hivi nguo zina moto kabisa lakini bado mbichi, ukiikamua taulo mkono watota. Na najua si mimi peke yangu, wengi mmeniandikia shida hiihii, kwa hiyo leo sikai kuisifia mashine, naifungua mbele yenu.

Hii ninayo mwaka wa tatu sasa, ni ya kilo 8, ya kondensa, yaani haina lile bomba la kutoa mvuke nje dirishani. Hewa ya moto inapita kwenye nguo, inabeba unyevu, inashuka hapa chini inapozwa na hewa ya chumba, ule mvuke unageuka maji, halafu pampu inayapandisha mpaka kwenye hili tangi la juu. Shikeni hapo kwenye kupozwa na hewa ya chumba, kwa sababu shida nyingi za draya hapa kwetu pwani zaanzia hapo, wala si kitu kimeharibika.

Mwanzo filta ya mlangoni. Kila mtu aijua hii, unatoa zile nyuzi kila ukimaliza kukausha, sawa, lakini hebu tazameni, hii nshaisafisha kwa mkono na machoni ni safi kabisa, sasa naiweka chini ya bomba... mwaona? Maji yamesimama juu kama juu ya jani la mgomba, hayapenyi. Hiyo ni softina, ile dawa ya kulainisha nguo na kunukiza, inaacha utando kwenye wavu ambao huuoni kwa macho, na kama maji hayapiti basi hewa nayo yapita kwa taabu. Mswaki mkuukuu, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, sugua taratibu, iache ikauke kabisa ndo uirudishe.

Sasa twende kwa mwenyewe. Hapa chini kuna kijilango, ndani kuna hizi kabari mbili unazigeuza, halafu unavuta, lichomoke bonge zima hili. Hii ndo kondensa. Sogea karibu na kamera, tazama humu katikati ya hivi vibati vyembamba, hayo ya kijivu yalojazana kama sufi ilolowa, hiyo ni miezi minne tu! Na nawaambia ukweli, mwaka jana mimi sikuijua hii, nikaita fundi, akaniambia hita imekufa, nikalipa shilingi 6,500 ikabadilishwa, na nguo zikaendelea kutoka mbichi vilevile. Iliniuma sana. Kwa hiyo shikeni hili, nguo zikitoka za moto lakini mbichi, hita yako ni nzima, moto upo, kinachokosekana ni njia ya hewa au pahali pa mvuke kupoa. Hita ni ya kushuku pale nguo zinapotoka baridi kama zilivyoingia.

Naipeleka bafuni, naipiga maji ya bomba upande huu mpaka yatoke safi upande wa pili, bila kisu bila msumari, vile vibati ni laini vikipinda basi tena. Na mashine zengine kondensa haitoki, zasema zinajisafisha zenyewe, hizo mimi kwa hali ya hewa yetu sizipendi, napenda kitu naweza kukishika nikakiosha.

Halafu chumba. Wengi wetu draya tumeitia stoo au kwenye kichumba kisichokuwa na dirisha, umefunga na mlango. Sasa ile hewa ya kupozea ni hiyohiyo imeshapata moto, itapoza nini? Vitabu vingi vya mashine hizi vyasema joto la chumba lisipite digrii 35, na Mombasa mwezi wa pili, stoo imefungwa na draya yawaka, hapo unafika bila taabu. Fungua mlango, fungua dirisha, iache nafasi kutoka ukutani. Mimi niliihamisha kutoka stoo nikaileta hapa koridoni na tofauti niliiona siku hiyohiyo.

Kama inasimama njiani taa ya tangi yawaka na tangi ulishamwaga, kuna uchafu pale kwenye boya la kupima maji au kwenye pampu, pangusa hapo. Kama inasimama mapema ikisema nguo zishakauka na hazijakauka, angalia ndani ya drumu karibu na mlango, kuna vyuma viwili virefu, hiyo ndo sensa, inapima unyevu nguo zikiigusa. Softina yaifunika, na sisi tunaofulia maji ya kisima yenye chumvi chumvi ndo kabisa. Kitambaa na siki nyeupe, pangusa, basi. Na ukitia nguo mbili tatu tu haziigusi vizuri, kwa hiyo yadanganyika.

Drumu haizunguki na mota yaunguruma? Chomoa stima, izungushe kwa mkono, ikiwa nyepesi mno basi mkanda umekatika, hiyo ni kazi ya fundi na si kazi kubwa.

Ila hapa kwa stima naomba mnisikilize vizuri sana. Draya kama hii inavuta kama wati 2,500, kwa volti 240 ni zaidi ya ampia 10 mfululizo, na plagi zetu fyuzi yake ni ya ampia 13. Hiyo ni mashine ya soketi yake peke yake, ya ukutani, si ekstensheni yenye friji na birika juu yake. Ishike plagi baada ya nusu saa, ikiwa inachoma mkono au soketi imeanza rangi ya kahawia, zima. Na ndani kuna fyuzi ya joto inayokatika mashine ikipata moto kupita kiasi, fundi akikwambia ataiunganisha waya moja kwa moja uokoe pesa, kataa. Ile ndo inayolinda nyumba yako.

Na mafuta pia, jamani. Vitambaa vya jikoni vilivyofuta samli au mafuta ya mahamri, taulo za mafuta ya nazi, hata ukifua yabaki, na ndani ya moto ule yanaweza kuwaka yenyewe, hata baada ya kutoa nguo ukazirundika zikiwa moto. Hivyo anikeni kwa kamba. Na zile dakika za mwisho inazunguka bila moto msizikate, ni za kupoza nguo.

Wanaonunua za eksi-UK, yaani zilizotumika Uingereza, stima yao ni kama yetu, volti 240 na plagi hiihii, hapo hamna shida. Lakini mwaka 2015 Whirlpool walitoa tahadhari huko Uingereza, draya zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, kuna za Hotpoint, Indesit, Creda, nyuzi zaweza kufika kwenye hita zikashika moto, na 2019 wakaanza kuwaita wenye nazo wazirudishe. Kwa hiyo ukiona majina hayo dukani, geuza mlango usome modeli na namba ukaitafute kwanza kabla hujatoa pesa.

Mkiniuliza ningenunua hii tena, mimi sahii ningejikaza nichukue ya hiti pampu, ile inayozungusha joto lilelile tena na tena badala ya kuchoma hita. Ghali ndio, lakini hii yangu mzigo mzima wa pamba yanila yuniti nne na kitu kwenye tokeni, na zile zakula kama nusu yake, na koridoni hapawi tanuri. Ukiileta tu iache imesimama masaa kadhaa kabla ya kuiwasha, kama friji.

Haya, kondensa nimeirudisha, taulo ni zilezile, nimeziloweka upya na kuzikamua kwenye mashine ya kufulia kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, dirisha liko wazi, mvua bado yanyesha. Imelia sasa hivi. Imechukua saa moja na dakika hamsini tu. Nafungua... hebu sikieni hii taulo nikiikunja, kavu mpaka kwenye pindo.