Uzoefu wangu wa kubadilisha gasketi ya silinda hedi nyumbani kwenye Toyota Corolla 110

Nimetumia seti kamili ya gasketi (vizibo vinavyokaa kati ya vipande vya injini), boluti mpya za hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, na huduma ya karakana ya kuskimu (kunyoosha uso wa hedi kwa mashine) kufufua injini ya 5A-FE ya Corolla 110, na kazi yote isipokuwa hiyo ya kuskimu niliifanya nyumbani, Dar es Salaam. Wenye magari ya umri huu huuliza kwanza gasketi ipi ni nzuri. Kwa niliyoyaona, gasketi ya bei ya wastani iliyolala juu ya uso ulionyooka na kufungwa kwa mkazo sahihi hufanya kazi yake bila matata, ilhali gasketi ghali kuliko zote haiwezi kuvumilia hedi iliyopinda.

Gari lilikuwa likipunguza maji bila tone kuonekana chini, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa ukikakamaa mara tu injini inapowashwa ikiwa bado ya baridi, na kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro mshale wa joto ulipanda hadi nikalazimika kuegesha. Kabla ya kulegeza boluti yoyote nilitumia kile kimiminika cha buluu ambacho huwekwa katika chombo maalumu mdomoni mwa rejeta: hewa ya ndani ikiwa na kaboni dayoksaidi iliyovuja kutoka chumba cha mwako, rangi hugeuka kuwa ya njano. Iligeuka. Anayekitumia apunguze kwanza maji ya rejeta, kwa sababu yakivutwa ndani ya chombo yanaharibu kipimo.

Chanzo kilikuwa wazi nilipofungua njia ya maji. Fundi aliyelishughulikia gari kabla halijawa langu alikuwa ameondoa thamostati (kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto), desturi iliyoenea sana kwetu kwa imani kwamba joto la pwani haliihitaji. Thamostati ya injini hii ina vali ya pili ambayo, maji yakishapata moto, huziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupozwa. Zaidi ya hayo, maji matupu ya bomba yasiyo na kulanti (dawa ya kupoza na kuzuia kutu) yalikuwa yamejaza kutu ndani ya bloku, mwili wa injini wenye silinda. Bloku ya 5A-FE ni ya chuma cha kusubu na hedi yake ni ya alumini, na kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho kwa kiwango kilekile cha joto, kila injini inapochemka ni gasketi iliyo katikati ndiyo inayovutwa huku na huku.

Kufungua si kugumu kwa mtu mwenye soketi nzuri na subira. Injini hii haina hatari ya valvu kugongana na pistoni mkanda wa taiming ukitolewa, jambo linalompa utulivu anayefanya kazi peke yake. Boluti za hedi zimejificha chini ya kamshafti (mihimili inayofungua valvu), hivyo kamshafti lazima zitoke, na ile gia yenye springi inayounganisha kamshafti mbili ifungwe kwanza kwa boluti ndogo ya milimita 6 ili isijikunjue. Hedi hulegezwa ikiwa ya baridi kabisa, boluti za pembeni kwanza, kidogo kidogo kuelekea katikati, kwani ukiivunja kanuni hiyo unaweza kuipinda hedi iliyokuwa nzima.

Sasa nifike kwenye huduma ninayoisifu zaidi. Niliweka rula ya chuma ya kupimia unyoofu juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, nikapitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Kikomo cha Toyota kwa upande unaokalia bloku ni milimita 0.05, na hedi yangu ilikuwa imekipita katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Niliipeleka mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ambayo mzee anayeiendesha aliikagua kwanza kama ina nyufa, kisha akakwangua kiasi kidogo kabisa kilichotosha. Nilipomuuliza kwa nini asiondoe zaidi ili uso ung'ae, alinijibu, "Mwanangu, nikiila hedi leo, kesho hutakuwa na cha kuskimu." Alifunga pia mipira mipya ya valvu iliyokuja na seti, ile inayozuia oili kupenya kwenye chumba cha mwako, na alinirudishia hedi iliyooshwa vizuri.

Upande wa bloku niliusafisha kwa kikwangulio cha plastiki. Sipendekezi kabisa diski ya kusugulia kwenye mashine, kwa sababu chembe zake huingia katika njia za oili na kuishia kwenye beringi. Matundu ya boluti yakaushwe kikamilifu pia, kwa kuwa maji au oili iliyotuama chini ya tundu haina pa kwenda boluti inaposhuka, na shinikizo lake linaweza kupasua bloku. Gasketi niliiweka kavu, bila silikoni, ingawa mafundi wengi huipaka pande zote mbili. Silikoni ya ziada hukatika na kuziba vijia vya maji.

Kifaa ambacho nisingeianza kazi hii bila kuwa nacho ni toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Boluti ni 10, fupi za milimita 90 upande wa kuingizia hewa na ndefu za milimita 108 upande wa ekzosi, na kila moja hupakwa oili nyepesi kwenye nyuzi na chini ya kichwa. Hufungwa kuanzia katikati kwenda nje hadi nyutoni-mita 29, kisha zote huzungushwa digrii 90 (robo duara), kisha digrii 90 tena. Nilitia alama ya rangi kwenye kila kichwa ili nione mzunguko kwa macho. Kukaza kwa kukisia mkono, hata mkono wa fundi mzoefu, hakuwezi kutoa mbano ulio sawa kwenye boluti zote, na mahali penye mbano hafifu ndipo gesi itakapopenya.

Baada ya kuunganisha niliweka thamostati mpya, kifuniko kipya cha rejeta na kulanti, nikamwaga oili ya kwanza baada ya mwendo mfupi ili kuondoa mabaki ya maji. Tangu hapo kiwango cha maji hakishuki, na mshale wa joto hutulia hata kwenye foleni ya makutano ya Tazara mchana wa jua kali huku kiyoyozi kikifanya kazi.

Kuhusu seti yenyewe, gasketi ya hedi na mipira ya valvu nairidhia kikamilifu. Gasketi ya kava la valvu haikustahili kuwekwa humo: ilikuwa ngumu tangu siku ya kuifungua, ikaanza kutoa jasho la oili kwenye kona ya nyuma, juu ya ekzosi, mahali ambapo oili ikidondoka hutoa moshi na inaweza kushika moto. Nimeibadilisha kwa ya asili ya Toyota, na anayenunua seti ya namna hii ainunue hiyo pembeni tangu mwanzo.