Nine Mile kwa Bob Marley pamoja na watoto: mahali pazuri, gari la aibu

Ukikodi Hiace ya watalii na dereva wake pale Kingston, Jamaika, ikupeleke Nine Mile, kijiji alichozaliwa na kuzikwa Bob Marley, chungulia nyuma ya kiti cha mwisho kabla hujalipa. Ukikuta magaloni ya maji yamepangwa, usipande. Sisi tuliambiwa ni ya kuoshea vioo. Hakuna dereva anayebeba maji yote hayo kwa ajili ya vioo. Anayeyabeba ni yule anayejua rejeta (kipoza maji ya injini) inavuja na tajiri wake hataki kununua nyingine. Jina la kampuni siliandiki, ila gari lao limebandikwa picha ya Bob ubavuni, na kwa gari lile, hilo ni tusi kwa marehemu.

Usafiri huu naupa nyota moja. Nitaeleza kwa nini nilikaribia kutoa mbili.

Kuna barabara ya kulipia kutoka Caymanas, karibu na Kingston, hadi Mammee Bay, upande wa Ocho Rios, mji wa pwani ya kaskazini. Ilifunguliwa yote 2016. Kabla ya hapo ilibidi upite bondeni Bog Walk, usubiri zamu kwenye Flat Bridge ambako magari hupita upande mmoja kwa wakati mmoja, halafu uparamie kona za Mount Diablo. Barabara mpya ni lami safi na inaokoa muda mwingi. Tatizo ni kwamba kile kipande cha baada ya Linstead kuelekea Moneague ni mlima mtupu. Unapanda, unapanda tena, na pembeni kuna magari yamesimama yanafuka moshi. Hapo ndipo na Hiace yetu ilipochemsha. Kwa hiyo ofisi ya kampuni ilipotuambia kwa simu kwamba "kila gari huchemsha pale", hawakuwa wanadanganya moja kwa moja. Lakini wakati tunasikiliza maneno hayo tumeegemea reli za barabara na bibi wa watoto, malori ya mizigo yalikuwa yanatupita taratibu, hayachemshi chochote.

Gari zima halichemshi mlima ule. Linalochemsha lina ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unajulikana. Kwanza mfuniko wa rejeta. Wengi huudharau kwa sababu ni kitu kidogo, kumbe ndio unaoshikilia presha. Mfuniko ulioandikwa 1.1, yaani presha ya bar 1.1, hupandisha kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi karibu 120. Raba yake ikikakamaa, presha inatoroka, na maji yanachemka kwenye nyuzi 100 zile zile kama yako kwenye sufuria. Pili, klachi ya feni. Ikichoka, feni inazunguka kivivu. Kwenye tambarare hutajua, maana upepo wa mwendo unasaidia kupoza. Mlimani gari linatambaa, injini inavuta kwa nguvu zote, upepo hakuna. Hapo ndipo mshale wa joto unapanda. Tatu, maji matupu badala ya kulanti (dawa ya kupozea injini). Nusu kulanti nusu maji ndio mchanganyiko wa kawaida, na kusema Jamaika hakuna barafu si sababu ya kuacha, kwa maana kulanti inazuia kutu na inalinda pampu. Ukimimina maji ya bomba miezi na miezi, vijia vya rejeta vinaziba uchafu wa rangi ya chai. Tope la rangi hiyo ndilo tulilolikuta kwenye tangi la akiba.

Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo anayekaa mbele anapata habari kabla ya geji. Sakafu ikianza kumchoma nyayo, msimamishe dereva. Usingoje taa nyekundu. Kama maji yameshapungua sana, kihisi cha joto kinabaki kwenye mvuke na mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Dereva akifurahi kwamba "imepoa yenyewe", hapo ndipo pa kuogopa.

Kilichonitoa moshi masikioni ni namna dereva alivyoshughulikia. Alipanda akiwa kwenye gia ya D, mguu umekandamizwa mpaka chini, AC ya mbele na ya nyuma zote zinawaka. Utaratibu ni huu: mshale ukivuka katikati, zima AC, fungua madirisha, washa hita hadi mwisho. Ndiyo, hita, kwenye joto lile. Hita ni rejeta ndogo ya pili, inatoa joto kwenye injini na kuwamwagia abiria. Watoto watalalamika, walalamike. Toa ovadraivu (gia ya juu kabisa), shuka gia, punguza mwendo. Injini ikizunguka kwa kasi kidogo bila kukamuliwa, pampu na feni navyo vinafanya kazi. Mshale usiposhuka ndani ya dakika moja au mbili, kaa pembeni. Mvuke ukishatoka, zima kabisa na ushushe watu, wakae nyuma ya reli, si mbele ya gari.

Kisha subirini. Nusu saa ni kiwango cha chini. Dereva wetu alifungua mfuniko mvuke bado unafoka, mtoto amesimama hatua chache, halafu akamimina galoni zima la maji baridi kwa mpigo. Hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu iliyopata moto namna ile ikimwagiwa maji baridi inapinda au inapasuka, na gasketi inakwenda nayo. Mfuniko hufunguliwa kwa kitambaa kizito, robo mzunguko kwanza, presha itoke, ndipo umalizie. Maji yamiminwe kidogo kidogo, injini ikiwa imewashwa na haikanyagwi. Baada ya hapo tazama chini ya mfuniko wa oili kama kuna ute mweupe, tazama ekzosi (bomba la moshi) kama inatoa moshi mweupe usioisha, na tazama rejeta kama inatoa mapovu mfululizo. Ukiona kimojawapo, hedi gasketi imekwenda na safari imeishia hapo. Sisi hatukuona, kwa hiyo gari lilikokota hadi juu. Bahati tu, si ufundi.

Ofisi waliongeza kwamba kosa ni letu, tulitaka AC. Familia imelipia gari lenye AC, halafu kuitumia AC ni kosa! Dereva nilikuwa nimepanga kumsema vibaya zaidi, lakini simlaumu sana. Aliomba radhi, na ilionekana wazi anaripoti lile vujo kila siku bila kusikilizwa. Aliyenijibu kwa simu ndiye sitamsamehe.

Sasa Nine Mile yenyewe. Inafikiwa kwa barabara nyembamba za milimani upande wa Claremont na Alexandria; zina mashimo, na kwenye kona zisizoonekana mbele watu hupiga honi. Pigeni na nyie. Wanaendesha kushoto. Nje ya geti kuna vijana watakaosimamisha gari na kujifanya ndio waongozaji. Mwambie dereva asisimame, aingie moja kwa moja ndani ya uzio. Mwongozaji wa kweli yuko ndani na yumo kwenye tiketi, ingawa atategemea bakshishi. Watoto wataonyeshwa kile kijumba kidogo alichoishi Bob utotoni na jiwe alilokuwa akiegemeza kichwa. Halafu kaburi: viatu mnavua, picha hampigi. Mama yake, Cedella Booker, naye amezikwa humo humo kijijini, kaburi lake peke yake. Moshi wa bangi utaukuta, mwambie bibi mapema. Sheria ya 2015 haikuihalalisha kabisa. Ukikutwa na kiasi kisichozidi aunsi 2 unapigwa faini kama ya kuegesha vibaya, lakini kuvuta hadharani bado ni kosa. Pale hilo halionekani kumsumbua mtu.

Kingston usiiruke. Wengi hutoka hotelini Ocho Rios, wakaona kaburi, wakarudi kuogelea, na wanakosa sehemu yenye uzito. Nyumba ya Bob ya 56 Hope Road ni makumbusho tangu 1986, na matundu ya risasi za Desemba 3, 1976 yameachwa ukutani yalivyo. Siku mbili baada ya kupigwa risasi, Bob alipanda jukwaani. Mwanangu hakuuliza kitu kingine chochote siku ile. Land Rover yake ipo hapo, imetengenezwa ikapendeza. Trench Town, mtaa wa Kingston alikokulia, kwenye makumbusho ya Culture Yard, kuna kombi yake ya Volkswagen iliyoliwa na kutu, haina hata injini ya kuchemka. Katika magari yote ya safari yetu, hilo ndilo pekee lililokuwa wazi kuhusu hali yake. Trench Town nendeni mchana na mwongozaji wa pale pale mtaani, msizurure wenyewe.

Kwa hiyo nyota mbili? Kwa Nine Mile na Hope Road ningetoa nne bila kusita, na ningewapeleka tena watoto kesho. Ila hii ni tathmini ya usafiri, na bado sijasema kuhusu kushuka.

Kurudi Kingston ule mlima unageuka mteremko. Vibao vinasema wazi tumia gia ndogo, na dereva akashuka kwa breki tupu. Tukaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Pedi zikipata moto sana zinateleza, na mafuta ya breki yakiwa ya zamani yameshanyonya maji, maji yale yanachemka ndani ya bomba. Ukikanyaga, mguu unazama. Hiace ya otomatiki wekeni 2 au L kabla mteremko haujaanza, breki iguseni kwa vipindi, na ikinuka simameni mpaka ipoe, bila kumwagia maji. Alipoambiwa, alibadilisha gia bila kubishana. Gari likatulia pale pale. Gia ilikuwepo muda wote!

Hapana, nyota moja inabaki.

Mkitaka kwenda, tafuteni gari lenye namba nyekundu, ndizo za magari yaliyosajiliwa kubeba abiria. Lenye namba nyeupe likipata ajali, msitegemee bima iwalipe. Asubuhi kabla ya kuondoka, injini ikiwa baridi, mwombeni dereva afungue rejeta mbele yenu: maji yawe yamejaa hadi shingoni na yawe na rangi ya kulanti, kijani au nyekundu, si ya chai. Akikataa, kodini kwingine. Na msilipe yote mwanzoni. Lipeni nusu, nusu nyingine mkisharudi Kingston. Sisi walidai yote kabla, na pesa ya siku iliyopotea barabarani wanasema bado "wanaijadili".