Kuangalia ndege Amani: mwongozaji hodari, usafiri wa kukatisha tamaa

Jumamosi ya pili ya mwezi Machi, kabla masika hayajakolea, mimi na mdogo wangu tulikwenda kuangalia ndege katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Huduma ya siku moja tuliinunua kwa wakala mmoja wa hapa Tanga mjini, ambaye kwa shilingi 160,000 kila mtu aliahidi gari la kwenda na kurudi, mwongozaji, darubini na chakula cha mchana, kiingilio cha hifadhi tukijilipia wenyewe. Ahadi hizo nne hazikutimizwa kwa kiwango kimoja, na ndiyo maana naandika.

Mwongozaji anastahili kila sifa. Ni mzee aliyezaliwa katika kijiji cha jirani, na ndege wa msitu ule anawajua kwa sikio kabla ya jicho. Jambo hili si dogo, kwa kuwa miti ya Amani ni mirefu mno, ndege wengi hukaa juu kabisa kwenye vilele, na mgeni anayetegemea macho peke yake hurudi nyumbani na maumivu ya shingo. Tulikuwa hatujatembea hata robo saa kutoka Sigi, penye lango la hifadhi, aliposimama, akainua kidole na kusema, "Msikilizeni kwanza, wanangu, atajileta mwenyewe." Tukasikia mvumo mzito kama wa mtu anayepepeta mchele kwenye ungo mkubwa, kisha hondohondo wawili, ndege wakubwa wenye mdomo mnene, wakapita juu yetu, na mvumo ule ulikuwa wa mabawa yao. Walitua kwenye mti ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii, na hapo mzee akatueleza kwamba mti huo si wa asili ya milima hii. Uliletwa, ukaenea msituni kwa kasi, na hondohondo wenyewe ni miongoni mwa waenezaji, kwa kuwa hula matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali. Maelezo ya namna hii, yanayotolewa mbele ya kitu chenyewe, ndiyo hasa niliyoyalipia.

Tuliwaona chozi, ndege wadogo wafyonzao maji matamu ya maua, wa aina mbili ambao watu husafiri kutoka nchi za mbali kuwatafuta: chozi wa Amani, ambaye dume lake lina kichwa cha kijani kilichoiva na tumbo jeupe, na yule wa kijani mwenye mstari mwembamba mwekundu kifuani, ambaye haishi nje ya Tanzania. Saa sita ilipokaribia, mzee akatupeleka ukingoni mwa msitu, mahali penye mitambaazi iliyosongamana, tukakaa kimya kwa muda ambao mdogo wangu aliuona mrefu kupita kiasi. Ndipo akatokea ndege mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu usiolingana na mwili wake, akaruka kutoka ujiti mmoja hadi mwingine kwa muda usiozidi dakika moja, akazama tena kwenye majani. Jina lake la kisayansi ni Artisornis moreaui, kwa kumkumbuka Reginald Moreau, Mwingereza aliyeanza kazi katika kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1928. Ndege huyu anajulikana katika milima hii na sehemu moja ya kaskazini mwa Msumbiji tu, naye yumo hatarini kutoweka. Nilijikuta nimeshika mkono wa mzee bila kujua.

Usafiri, kwa upande wake, ulituumiza. Tulikubaliana gari lifike saa kumi alfajiri, ili saa kumi na mbili na nusu tuwe Sigi, lakini lilifika saa kumi na mbili kasorobo, dereva akidai hakuambiwa mapema. Baada ya Muheza lami iliisha na barabara ikapanda kwa kona nyingi kwenye udongo mwekundu, hivyo hapakuwa na namna ya kufidia muda uliopotea. Tulifika saa mbili na nusu, na saa ile ya kwanza ya mwanga, ambayo ndege huimba kuliko wakati mwingine wowote, ilikuwa imekwisha. Wakala aliomba radhi kwa simu, fedha hakurudisha.

Darubini moja kati ya mbili ilikuwa na ukungu ndani ya kioo, nasi tukalazimika kupokezana ile nzima. Chakula kilikuwa wali na maharage, tukakila karibu na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, nacho kilitosha.

Kwa anayetaka kwenda, ushauri wangu ni kumwacha wakala kabisa. Panda gari la abiria kutoka Muheza siku moja kabla, ulale katika nyumba za wageni za hifadhi, Sigi au Amani kwenyewe, na uombe mwongozaji papo hapo getini, ukisema wazi kwamba unamtaka anayejua sauti za ndege. Darubini azima kwa mtu unayemwamini na uijaribu kabla ya kuondoka. Sisi tumekwisha kupanga kurudi mwezi Septemba kwa njia hiyo, na mzee ametuahidi kwamba tukilala Sigi atatutoa usiku kwenda kumsikiliza bundi.