Mashine ya kahawa ya kapsuli: chunguza maji yako kabla ya kuchagua mashine

Lalamiko linalosikika zaidi kuhusu mashine za kapsuli (vikopo vidogo vilivyofungwa vyenye kahawa iliyosagwa) ni hili: mashine imenunuliwa mpya, imefanya kazi vizuri miezi ya mwanzo, kisha kahawa ikaanza kutoka kama uzi mwembamba, baadaye kwa matone, mwishowe taa zinawaka na kuzima bila chochote kutoka. Fundi anasema pampu imekufa. Muuzaji anasema dhamana haihusiki. Mara nyingi pampu ni nzima. Kilichoziba ni chokaa iliyomo kwenye maji, na mnunuzi angeweza kuigundua kabla ya kutoa pesa, kwa sufuria na kipande cha limau.

Kwa hiyo hapa sitapoteza nafasi kwa rangi, urembo wala idadi ya vitufe. Nianze na jibu: mashine ya kapsuli inafaa kwa mtu anayekunywa kikombe kimoja hadi vitatu vya spreso kwa siku, asiye na kisagio, asiyetaka kuosha vyombo asubuhi, na mwenye maji laini (yasiyo na chokaa nyingi) au aliye tayari kununua maji ya kuweka kwenye tangi. Asiye hivyo, pesa yake ina kazi bora zaidi.

Maji

Ndani ya mashine hizi hakuna birika. Kuna pampu ndogo inayosukuma maji kupitia kipasha moto chenye njia nyembamba sana, na hiyo ndiyo sababu inakuwa tayari kwa nusu dakika hivi. Maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa au ya matumbawe yamebeba kalisi iliyoyeyuka. Yakipashwa moto, kalisi hiyo hujitenga na maji na kuganda kwenye kuta za njia ile. Kwenye birika la umeme ukoko huo unauona na unaukwangua. Kwenye mashine ya kapsuli huuoni, na unene mdogo tu unatosha kuziba.

Dalili huja kwa mpangilio. Kwanza pampu inanguruma zaidi ya zamani. Pili, spreso ya mililita 40 iliyokuwa ikimaliza kutoka kwa takriban nusu dakika inavuka dakika nzima. Tatu, kahawa inatoka vuguvugu, kwa sababu ukoko unazuia joto kufika kwenye maji. Ukifika hatua ya matone umechelewa, ingawa bado inafaa kujaribu kusafisha.

Mahali unapoishi panaamua mengi. Visima vya Mombasa, Unguja na sehemu kubwa ya mwambao vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake ni magumu, mengine yana chumvi ya bahari pia. Maji ya Ziwa Victoria, yanayotumika Mwanza, Kisumu na Kampala, ni laini. Maji ya bomba ya Nairobi yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini pia, na visima virefu vya jiji hilo tatizo lake kubwa ni floraidi kuliko chokaa. Dar es Salaam panahitaji uangalifu: ukipata maji ya Mto Ruvu huna shida kubwa, lakini bomba likikauka ukaletewa boza, yaani lori la maji, hujui limejazwa kisima gani. Mashine iliyokaa salama kwa muda mrefu inaweza kuharibiwa na wiki chache za maji ya boza.

Pima hivi. Chukua sufuria safi ya chuma kisichoshika kutu, weka lita moja ya maji unayotumia, chemsha mpaka yakaribie kukauka, epua, acha ipoe. Utaona weupe chini. Mwagia maji baridi kidogo na uzungushe. Weupe ukiyeyuka, hiyo ni chumvi ya kawaida: haizibi haraka, ila inaharibu ladha na inakula chuma. Weupe ukibaki, dondoshea maji ya limau. Ukiona povu dogo linachemka, hiyo ni chokaa, na maji hayo yasiingie kwenye mashine kabisa. Kuyachemsha na kuyapoza hakutoshi. Sehemu ya chokaa itabaki kwenye sufuria, lakini nyingine itaendelea kuwemo.

Suluhisho la bei ndogo ni maji ya madumu ya lita 20 yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa madini. Anayekunywa vikombe viwili kwa siku hamalizi nusu lita. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi na kuchujwa nayo ni laini, na pwani wengi tayari wana tangi lake. Kwa maji ya chupa, soma kibandiko: tafuta kalisi ndogo, na usidhani kwamba bei kubwa ina maana ya maji laini, kwani maji mengine ghali ya chemchemi yana madini mengi.

Hata kwa maji laini, safisha ndani ya mashine kila baada ya miezi 3 au kapsuli 300, lolote litakalotangulia. Dawa ya kiwanda ndiyo bora. Usipoipata, wengi hutumia unga wa asidi ya sitriki unaouzwa maduka ya vifaa vya keki: kijiko kimoja cha chakula, karibu gramu 15, kwenye nusu lita ya maji, ukoroge mpaka uyeyuke wote. Ondoa kapsuli, weka bakuli kubwa chini, washa hali ya kusafisha kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza, pitisha yote, rudisha maji yaleyale kwenye tangi upitishe tena, kisha suuza kwa matangi mawili ya maji safi. Siki usitumie. Watengenezaji wanaikataza kwa sababu inadhuru mipira ya ndani, na harufu yake inabaki.

Ya kununua

Napendekeza Nespresso Essenza Mini ya mfumo wa Original (ule wa kapsuli ndogo), na sioni haya kusema kwamba naipendelea. Ni ndogo, uzito wake ni kilo 2.3 hivi, tangi lake ni lita 0.6, ina vitufe viwili tu: spreso ya mililita 40 na kikombe kirefu cha mililita 110. Shinikizo la pampu ni bari 19. Inauzwa kwa majina tofauti, yakiwemo De'Longhi na Krups, na hakuna sababu ya kulipia moja zaidi ya jingine. Udogo wa tangi, ambao wengi wanauona kasoro, kwangu ni faida: maji hayalali humo siku tatu.

Lakini sababu kubwa ni kapsuli. Nespresso ilianza kuuza mfumo huu mwaka 1986, na hataza zake kuu (haki za uvumbuzi) zilipokwisha mwaka 2012 kampuni nyingine ziliruhusika kutengeneza kapsuli zinazoingia humo. Leo Lavazza, L'OR na wakaangaji wadogo wengi wanazo. Duka moja likiishiwa, lingine litakuwa na za kampuni nyingine. Kwa mtu wa Mwanza au Mombasa hilo lina uzito kuliko ladha yenyewe. Chagua kapsuli za alumini kuliko za plastiki ngumu: zinahifadhi harufu vizuri na hazikwami sana. Mkono wa kufungia ukiwa mzito, usiulazimishe, toa kapsuli uangalie ukingo wake kama umepinda. Ukimaliza kikombe cha mwisho, tupa kapsuli na upitishe maji matupu mara moja. Kapsuli iliyotumika ikilala humo kwenye joto la pwani, utaikuta na ukungu.

Nafasi ya pili ni Dolce Gusto ya Nescafé, na hiyo ni kwa nyumba ya wapenda maziwa. Mashine ni rahisi kupata na kapsuli zake zinaonekana kwenye supamaketi kubwa. Fahamu mambo mawili. Kwanza, kapucino moja inatumia kapsuli mbili, moja ya kahawa na moja ya maziwa ya unga, hivyo boksi la 16 ni vikombe 8. Pili, sindano inayotoboa kapsuli huziba kwa maziwa ya unga yaliyoganda. Mashine inakuja na kisindano cha kuzibulia, na watu wengi wanakitupa pamoja na boksi bila kukijua. Kitafute siku ya kwanza.

Nespresso Vertuo naiweka ya tatu, ingawa kahawa yake ni nzuri na vikombe vyake ni vikubwa. Inazungusha kapsuli kwa kasi inayofika mizunguko 7,000 kwa dakika na kusoma msimbopau ulio ukingoni ili ijue iweke maji kiasi gani. Kapsuli za Original haziingii humo, wala za Vertuo haziingii kwenye Original. Uchaguzi wa kapsuli ni mdogo mno, na mwenye duka akiacha kuziagiza unabaki na pambo la jikoni. Aliye Ulaya, Marekani au Dubai anaweza kuifikiria. Wengine wasubiri.

Mashine ya Keurig ya Marekani usinunue Afrika Mashariki, hata ukiletewa kwa bei ya kutupa. Nitaeleza sababu hapa chini.

Mashine zisizo na jina zinazodai kupokea kapsuli za kila aina kwa kubadilisha vishikio ziko nyingi mitandaoni. Mipira yake inalegea mapema na vipuri havipatikani. Sina zaidi ya hayo.

Wauzaji

Linaloniudhi zaidi ni mashine za Marekani, kama hiyo Keurig, zinazouzwa Nairobi na Dar es Salaam kwa kubadilishiwa plagi tu. Geuza mashine usome kibandiko cha chini. Kikisema 120V 60Hz, hiyo haikujengwa kwa umeme wetu wa volti 230 hadi 240 na 50Hz, na ukiichomeka hivihivi utaiunguza. Muuzaji anajua. Atakuambia ununue transfoma ya kushushia umeme, lakini hakuambii kwamba mashine ya wati 1,300 hadi 1,500 inataka transfoma ya wati 2,000 au zaidi, kitu kizito na cha gharama, wala kwamba transfoma haibadilishi Hz, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde. Pampu nyingi za mashine hizi hupiga kwa kufuata mapigo ya umeme, hivyo kwenye 50Hz inasukuma kwa unyonge. Kama ndugu aliye Marekani anataka kukuletea zawadi, mwambie alete kapsuli za Original, mashine ununue huku. Aliye Oman, Dubai au Uingereza anaweza kuleta mashine yenyewe: volti ni zetu, plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa.

Tena kuna kapsuli zilizokaribia mwisho wa muda wake, zinazopangwa mbele ya rafu kama ofa. Kahawa hiyo haitakudhuru, ila harufu imekwisha, na umelipia harufu. Soma tarehe kwenye boksi, kisha ubonyeze kifuniko cha kapsuli: ya alumini nzima huwa imevimba kidogo kwa gesi ya kahawa. Iliyobonyea na kulegea iache.

Halafu bei. Kapsuli ya Original ina gramu 5 hadi 6 za kahawa. Kilo moja, basi, ni kapsuli 180 hivi. Ukiuziwa kapsuli moja kwa shilingi 100 za Kenya, unanunua kahawa kwa shilingi 18,000 kwa kilo. Ulinganishe na kilo ya kahawa ya Nyeri au ya Kilimanjaro iliyokaangwa dukani kwako. Sehemu kubwa ya kahawa hii inaondoka huku ikiwa mbichi, inakaangwa na kufungwa Ulaya, inarudi ikiwa imebeba gharama ya alumini, meli, ushuru na faida ya watu wanne. Anayekunywa viwili kwa siku atatumia kapsuli 730 kwa mwaka, ambazo ni kilo 4 tu za kahawa. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya duka lako kabla ya kuangalia bei ya mashine, maana mashine ndiyo sehemu ndogo ya gharama.

Kapsuli za chuma za kujaza mwenyewe zinapunguza gharama, lakini zinadai subira. Kahawa isagwe laini, gramu 5 hivi, ishindiliwe kidogo, na ukingo ufutwe usibaki na chembe hata moja, la sivyo maji yatapita pembeni. Ukishafika hapo, urahisi uliolipia mashine umeondoka.

Kama hesabu haikubali

Nyumba ya watu watano inayokunywa kahawa kwa chupa ya chai, yenye tangawizi na iliki, haina haja ya mashine hii. Dele au sufuria itawahudumia vizuri zaidi. Na kwa anayetaka kahawa nzito ya kikombe kimoja au viwili, nunua birika la moka (la vyumba viwili, ambalo mvuke husukuma maji ya chini yapite kwenye kahawa na kupanda juu) la vikombe vitatu, la alumini, pamoja na mpira wa akiba. Jaza maji chini mpaka usawa wa vali, usipite hapo. Weka gramu 15 hivi za kahawa ya kusagwa kiasi bila kuishindilia, kaza, weka kwenye moto mdogo wa gesi, na uepue mara tu inapoanza kukoroma. Ukikaa pwani chokaa itaganda na humo pia, ila chungu cha chini kiko wazi: utaiona, utaisugua kwa limau, utasuuza, na kazi itakuwa imekwisha bila fundi.