Kibali cha bustani ya jiji: nyota mbili, hapana, moja

Karani wa dirisha la vibali ndiye aliyenisukuma kuandika haya, na bado hasira haijanitoka, kwa hiyo mtanivumilia.

Miezi kadhaa nyuma kikundi chetu kiliomba bustani kwa tamasha la watoto. Muziki, maturubai, spika kubwa, watu kama mia mbili. Fomu ikapokelewa, kibali kikatoka upesi, nikawasifia ofisi ile kwa kila niliyekutana naye. Safari hii tukaomba nyasi zilezile, watu walewale, mchana uleule, tena bila spika wala turubai. Kilichobadilika ni mstari mmoja, pale fomu inapouliza aina ya shughuli. Nikaandika: mkusanyiko wa amani kupinga ubomoaji wa nyumba.

Basi. Akasoma, akavua miwani, akanipima kuanzia utosini hadi kwenye viatu. "Dada, nani amewatuma?" Nikamwambia tumejituma. Akataka kujua mabango yataandikwa nini, neno kwa neno. Akaingia ndani na fomu yangu, na alipotoka dhamana ilikuwa imepanda maradufu, na chini yake mtu ameongeza kwa kalamu: gharama za ulinzi. Ulinzi dhidi ya nani? "Dhidi ya watakaowakasirikia."

Yaani mwingine akasirike, bili nilipe mimi!

Mtego huu si mgeni. Kaunti ya Forsyth, jimboni Georgia, ilikuwa na sheria iliyomruhusu ofisa kupanga ada kwa namna hiyohiyo, na mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta, kwa sababu ada ilipimwa kwa chuki ambayo ujumbe ungeamsha. Waliofungua kesi walikuwa kundi la wabaguzi wa rangi, watu nisiotaka hata kusalimiana nao, na bado walishinda. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo ilieleza mwaka 2020 kwamba kuwatoza waandaaji gharama za polisi, usafi au huduma ya kwanza kwa kawaida hakupatani na haki ya kukusanyika kwa amani. Nilimwonyesha maneno hayo kwenye simu. Akasema, "Mpelekee aliyeyaandika akupe kibali."

Sikatai fomu yenyewe. Vikundi viwili haviwezi kupewa uwanja mmoja saa moja, na gari la wagonjwa lazima liwe na pa kupita. Waulize hayo, nitajibu hata mara kumi. Maneno ya bango yanahusu nini nyasi?

Mwishowe, mkubwa wa yule karani akaukata ule mstari wa ulinzi bila kueleza chochote, na kibali nikapewa. Na lazima niseme kweli: siku yenyewe kilitusaidia sana. Walikuja vijana kutaka kututimua, mlinzi wa bustani akaisoma karatasi, akawaambia waondoke wao. Alikuwa na adabu, alitutafutia hata kivuli cha wazee. Kwa ajili yake nilikuwa nimeshaandika nyota mbili.

Lakini dhamana hadi leo hawajarudisha. Kila nikienda ni yule yule wa miwani, na jibu ni "rudi wiki ijayo". Nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi. Mkienda, daini risiti inayotaja kila walichowatoza, na kwenye mstari wa shughuli andikeni kwa kifupi iwezekanavyo.